Daftari la Mazimwi la Bibi Shuka

Shangazi yangu analaza watoto. Ndiyo kazi yake hiyo, na nikimwambia mtu lazima acheke, eti kulaza watoto nayo ni kazi? Njoo ulaze ishirini na sita kwa mpigo, wote wa miaka mitatu mpaka mitano, wote wametoka kula, mmoja anataka mama yake, mmoja anataka kukojoa, mwingine anataka kukojoa kwa sababu mwenzake anataka kukojoa. Halafu urudi uniambie.

Yuko chekechea ya nyuma ya soko, jengo la njano lenye geti linalolia ukilisukuma. Ana mwaka wa kumi na tisa pale. Mwalimu si mwalimu, mpishi si mpishi, kwenye karatasi za ofisi ameandikwa msaidizi, lakini ikifika saa saba mchana hakuna mwalimu anayethubutu kuingia chumba cha kulala bila ruhusa yake. Watoto wanamwita Bibi Shuka. Kila shuka amelishonea alama kwenye pembe kwa uzi mwekundu, hili samaki, hili ngazi, hili kikombe, ili mtoto ambaye bado hajui kusoma alijue lake. Anavaa soksi mbili mbili asisikike akitembea, na ubaya ni kwamba hata nyumbani anatembea hivyohivyo. Uko zako jikoni unafungua kopo la maziwa ya unga taratibu kabisa, mara unasikia nyuma ya shingo, "Kijiko kimoja." Naishi naye tangu nianze sekondari na bado nashtuka.

Sasa, mambo yote yalianzia kwenye simu. Yangu.

Kuna mtu mmoja anaweka video za kufafanua hadithi za watoto. Jamani! Kumbe zile hadithi tulizolishwa tukiwa wadogo zina vitu ndani! Anasema mama wa kambo kwenye hadithi ni mama yuleyule, ila siku ana hasira. Mtoto hawezi kumchukia mama yake, basi anamgawa vipande viwili, mzuri na mbaya, ili yule mzuri aendelee kumpenda. Msitu, anasema, ni yale mambo ambayo wakubwa hawakuambii. Na zimwi linalotaka kukumeza linaweza kuwa mtu anayekupenda sana mpaka unakosa hewa. Nilitazama kumi na moja mfululizo mpaka simu ikawa ya moto kama pasi.

Nilipomaliza nikamgeukia shangazi. Kwa sababu shangazi ana hadithi moja tu. Miaka kumi na tisa, hadithi moja! Hata mimi nililala nayo nilipokuwa mdogo, akija kwetu kutembea. Anaianza hivi: kulikuwa na nyumba moja, mlango mmoja, na kitasa kilikuwa chini kiasi cha mtoto kukifikia. Mama anatoka. Anamwambia mtoto asifungue. Mtoto anabaki na kijiko na kiti. Anacheza, anachoka. Mara mlango unagongwa. Ko, ko, ko.

Basi, imeisha. Anaishia hapohapo! Sijawahi kusikia mwisho wake mpaka leo.

"Shangazi," nikamuuliza siku hiyo tukipika, "yule mtoto wa kwenye hadithi yako, baba yake yuko wapi?"

"Hayumo."

"Kwa nini hayumo?"

"Hadithi ni fupi."

"Na anayegonga mlango ni zimwi, si ndiyo?"

"Mimi sijasema zimwi."

"Sasa ni nani?"

"Katakata vitunguu, bibie. Umeshika kisu kama unataka kumtishia mtu."

Umeona? Mtu asiye na la kuficha angejibu. Nikaanza kumchunguza. Niligundua kwamba kila akirudi kazini anaingia chumbani kwanza, kabla hata ya maji ya kunywa, anafunga mlango dakika mbili, anatoka. Nikitega sikio nasikia kopo la vifungo linafunguliwa. Vifungo vya nini kila siku? Hashoni nguo kila siku.

Jumanne akasahau miwani yake mezani. Shule yetu tulikuwa tumefunga, kwa hiyo nikampelekea. Nikafika saa saba na kidogo, geti likalia, ndani kimya. Nikachungulia dirishani.

Alikuwa amemaliza hadithi. Anapita mkeka kwa mkeka, anapiga magoti, anatega sikio. Na kila mtoto anamnong'oneza. Mmoja mmoja! Mtoto ananong'ona, shangazi anatikisa kichwa kama mtu anayepokea oda, anamfunika, anahamia kwa mwingine. Alipomaliza wote ishirini na sita akaketi kwenye kile kistuli chake, akatoa daftari kwenye mfuko wa gauni, akaanza kuandika. Bila miwani, daftari limegusa pua.

Watoto wanamwambia nini? Na yeye anakiandika ampelekee nani?

Jioni ile akaenda kuoga, mimi nikaenda kwenye kopo la vifungo. Ndiyo, najua. Usinitazame hivyo.

Daftari lilikuwa humo, juu ya vifungo, la kawaida, la shule, jalada limebandikwa kipande cha kitenge. Kila mtoto ana kurasa mbili zinazotazamana. Juu jina lake la pale chekechea, maana pale karibu wote wana majina ya utani, halafu tarehe, halafu mistari. Nikafungulia kwa Kidoti. Kidoti namjua, ana alama nyeusi shavuni na nywele za kusimama, mama yake ndiye anauza kwenye duka la dawa pale kona. Ukurasa wa kushoto uliandikwa hivi: "Zimwi. Linalia. Limejifungia bafuni, limefungulia bomba lisisikike."

Wee! Nikasoma mara tatu. Kumbe watoto wanaulizwa nani yuko mlangoni, na kila mmoja anajibu lake! Yule wa video angelia kwa furaha. Zimwi bafuni! Bomba! Nikapiga picha haraka, maji ya bafuni kwetu yalishaacha kumwagika, nikaikata picha ibaki ile mistari tu, nikaitupia kwenye kundi la vijana wa mtaa. Nikaandika chini: "Mtoto wa chekechea kasema hivi. Zimwi hili ni nani? Tufumbue." Sikuandika ni mtoto gani. Ila juu ya picha lilikuwa limebaki neno Kidoti, na mimi sikuliona.

Mpaka nachomeka chaji, watu arobaini na tatu walikuwa wamefumbua. Mmoja anasema zimwi ni njaa. Mmoja anasema ni jini la bomba. Halafu dada mmoja wa saluni akaandika: "Kidoti si yule wa Mama Dawa? Na yule kaka yake Mama Dawa aliyehamia kwake juzi, mbona haongei na watu?" Hapo ndipo kundi likapata moto wa kweli. Maskini yule mjomba, kazi yake kurekebisha saa, haongei kwa sababu muda wote ana lenzi jichoni na skrubu mdomoni! Lakini nani anasikiliza. Nikafuta picha. Picha ya simu hata ukiifuta haifutiki, ilishaenda kwa mama zao wote.

Jumatano asubuhi Mama Kidoti alikuwa getini kabla ya mtu yeyote, na koti lake jeupe la duka la dawa.

"Bibi Shuka! Nyumbani kwangu kuna zimwi?"

"Habari za asubuhi, Mama Kidoti."

"Sitaki habari! Kaka yangu ameshindwa kwenda kazini, watu wanamtazama kama mwizi. Mtoto wangu nakuletea umlaze, wewe unamhoji kama polisi?"

Shangazi akamwinamia Kidoti akamfunga kamba ya kiatu. Mwalimu Mkuu akatoka ofisini, akamvuta pembeni. Shangazi akarudi na masharti matatu. Hadithi yake marufuku. Atasoma kitabu kipya walicholetewa, kile chenye picha, ambamo zimwi linaomba msamaha ukurasa wa tatu na wote wanakula matunda. Na Ijumaa kutakuwa na kikao cha wazazi, kikao kitaamua kama anabaki au anaondoka.

Alinihadithia hayo yote jioni akiwa anakunja mashuka, kwa sauti ileile ya kusema chumvi imeisha. Halafu:

"Nani aliingia kwenye vifungo vyangu?"

"Sijui, shangazi."

"Kopo nililifunga kifuniko, alama ya ua ikitazama dirishani. Nimekuta ua linatazama kitanda."

Jamani, huyu mwanamke! "Labda panya," nikasema.

"Panya mwenye simu," akasema, akaendelea kukunja.

Alhamisi hakuna aliyelala. Mwalimu wa nyimbo ndiye alinisimulia. Shangazi alisoma kile kitabu kama mtu anayesoma risiti, watoto wakauliza mbona zimwi halitishi, yule mtoto mmoja anayeitwa Kifutio, kwa sababu anakula vifutio, akatangaza kwamba kitabu hiki hakina mlango, wote wakaanza kuimba mlango, mlango, mlango. Kidoti peke yake hakuimba. Alikaa mkekani ameziba masikio, kwa sababu kule uani mtu alikuwa anajaza ndoo.

Hilo la ndoo lilinikwama. Sikujua kwa nini, ila lilinikwama.

Ijumaa mchana nikaenda kikaoni. Hakuna aliyenialika. Wazazi walikuwa wameketi kwenye vile viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, na kila mmoja anamtazama mwenzake pembeni ya jicho, maana kila mmoja alikuwa anawaza mtoto wake ametaja nini. Hakuna aliyekuwa anamtetea shangazi. Wote walitaka daftari lichomwe, lakini kwanza walitaka kulisoma, hasa kurasa za wenzao.

"Lisomwe mbele ya watu," akasema Mama Kidoti. "Sote tujue anatuandika nini."

"Mimi sisomi mbele ya watu," akasema shangazi. Alikuwa amesimama, daftari amelibana kwapani. "Watoto waliniambia sikioni."

"Ukikataa unaondoka leo," akasema Mwalimu Mkuu. "Mimi sina namna."

"Nitaondoka nalo, basi."

Nakwambia alianza kuvua aproni yake! Miaka kumi na tisa, anaivua kama mtu anayevua kandambili. Na mimi miguu ikaniinua yenyewe.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye nilipiga picha. Nilifungua kopo lake. Yeye hajamwonyesha mtu hata siku moja, hata mimi nilimwibia."

Walinigeukia wote. Mama Kidoti alinitazama kama mtu aliyekuta mende kwenye dawa. Shangazi hakunitazama kabisa, na hiyo iliuma zaidi.

"Na nilikata picha," nikaendelea. "Kulikuwa na ukurasa wa kulia. Sikuusoma. Sijui una nini."

Baba Kifutio akainuka. Huyu ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu mkubwa, kile kiti kilinyanyuka naye. "Bibi Shuka, mimi la mwanangu nipe. Kama ni aibu ni yangu. Nipe."

Shangazi akafikiri. Akarudisha aproni begani. Akafungua daftari, akatafuta, akachana kurasa mbili taratibu kwenye mshono, akampa. Baba Kifutio akasoma midomo ikicheza, halafu akapasuka kicheko.

"Halina uso!" akasema. "Zimwi la mwanangu halina uso, na mikononi lina moto! Ni mimi huyu! Ni mimi na ile kofia ya kuchomelea!" Halafu akasoma upande wa kulia, kicheko kikapungua. "'Baba aambiwe avue kofia kabla hajamwita mtoto.' Ala. Kumbe ndiyo maana. Mwezi wa tatu ulinisimamisha pale getini, ukaniambia nivue kofia nikifika nyumbani. Nikadhani una kichaa."

"Ulivua?" akauliza shangazi.

"Nilivua, ndiyo."

"Aliacha kula vifutio wiki ile."

"Lakini ameanza tena!"

"Basi umeanza kuivaa tena."

Watu wakacheka, wengine wakaanza kunyoosha mikono, na mimi nipe, na mimi nipe. Shangazi akachana, akachana. Kila mtu akachukua wake akaenda nao kona, amegeuzia wenzake mgongo kama mtu anayekula peke yake. Hakuna aliyetaka tena kusoma wa jirani. Mmoja aliikunja karatasi mara nne akaiweka kwenye sidiria.

Mama Kidoti alikuwa wa mwisho. Hakunyoosha mkono, shangazi ndiye alimfuata. Akazipokea kurasa zake. Nilikuwa karibu, nikaona ukurasa wa kulia kwa mara ya kwanza, ule niliokata. Mwandiko uleule wa pua imegusa karatasi: "Bomba la uani lifungwe kabla ya saa saba. Alazwe upande wa ukuta. Akishtuka aambiwe, amemaliza kulia, anakuja."

Mama Kidoti alisoma. Akasoma tena. Hakulia. Alifunga vifungo vya lile koti jeupe mpaka juu, kimoja kimoja, ingawa kulikuwa na joto.

"Alisema lini hivi?" akauliza, sauti ya chini.

"Ile Jumanne ya mvua kubwa. Na wiki iliyofuata."

"Na jana? Jana alisema nini?"

"Jana sikuuliza. Nilikuwa nasoma kitabu."

Mama Kidoti akamgeukia Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mkuu akamwangalia shangazi, shangazi akaangalia soksi zake.

"Wewe ulijua ni mimi," akasema Mama Kidoti. "Tangu siku ya kwanza ulijua, ukawa unanisalimia tu pale getini."

"Sikujua. Ningeweza kudhani. Kudhani na kujua ni vitu viwili. Ningekuja kwako nikwambie mwanao anasikia zimwi bafuni, ungenifukuza dukani."

"Ningekufukuza."

"Basi nilifunga bomba. Hilo nililiweza."

Nadhani hapo ndipo lile suala la shangazi kuondoka lilikufa, ingawa hakuna aliyelitamka. Mwalimu Mkuu akakohoa, akasema ndugu wazazi, tumesikilizana, hadithi irudi, ila daftari lisiwepo tena. Shangazi akamkabidhi jalada lenye kipande cha kitenge, limebaki tupu kama ganda. Mwalimu Mkuu hakujua alifanye nini, akaliweka droo ya chaki.

Lakini Mama Kidoti hakuondoka. Alisubiri watu watoke, akavuta kiti kimoja cha mtoto, akaketi. "Nifundishe," akasema. "Hiyo hadithi. Nitamuuliza mwenyewe."

"Fupi tu," shangazi akasema. Akaketi naye. Akaanza: kulikuwa na nyumba moja, mlango mmoja. Alimsimulia kwa sauti ileile ya watoto, polepole, na yule mama aliyekuja kumfukuzisha kazi anatikisa kichwa na kurudia maneno kama mwanafunzi. Alipofika kwenye ko, ko, ko, akapiga kwa kidole kwenye meza, akanyamaza.

"Halafu?" akauliza Mama Kidoti.

"Halafu unanyamaza. Hapo ndipo pagumu. Usimsaidie kujibu."

"Akisema ni zimwi?"

"Muulize linataka nini. Usimwambie mazimwi hayapo. Akishakwambia linataka nini, na wewe utajua."

Mimi nilikuwa mlangoni, nimejibana ukutani, na akili yangu inakwenda mbio. Video kumi na moja, hakuna hata moja iliyosema hivi! Yule mtu wa kwenye simu yeye ana majibu yote, zimwi ni huyu, msitu ni ule, kama orodha ya bei. Shangazi ameliacha tundu tupu makusudi, mtoto aweke wake humo. Nilitaka kumkumbatia. Alinipita kama anapita nguzo.

Wikendi nzima aliongea na mimi maneno ya lazima tu. Chumvi. Maji. Funga dirisha. Kopo la vifungo lilikaa wazi juu ya meza, na ndani vifungo vitupu, na hilo nililielewa.

Jumapili nikaenda hadi kwa yule mjomba wa Kidoti, nikasimama mbele ya meza yake ya saa, nikamwomba msamaha. Akatoa skrubu mdomoni, akasema, "Sawa." Akairudisha. Maneno mengine sikuyapata. Mtaani bado wapo wanaomtazama kwa jicho la pembeni. Dada wa saluni aliniuliza jana tu, "Lakini kweli hamna kitu pale?" Nikamwambia hamna. Akasema, "Mmh." Ile mmh unaijua.

Jumatatu nikajipeleka chekechea kusaidia kubeba mashuka ya kufua, na wala sikuombwa. Wazazi wanaleta watoto, na nikwambie, siku hizi salamu zao kwa shangazi zimekuwa ndefu! Shikamoo Bibi Shuka, umelalaje Bibi Shuka, nikusaidie kubeba Bibi Shuka. Wamegundua kwamba daftari limechanwa lakini kichwa chake bado kiko palepale juu ya shingo.

Mama Kidoti akaja amechelewa. Macho yamevimba kidogo, kilemba amefunga vizuri. Kidoti alikimbilia ndani bila kugeuka nyuma. Mama yake alimsogelea shangazi, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniona mimi na mashuka yangu, akaziba mdomo kwa kiganja, akamnong'oneza sikioni. Alinong'ona muda mrefu. Shangazi akatikisa kichwa vilevile anavyofanya akiwa mikekani. Mwisho akamshika Mama Kidoti kiwiko, mara moja, kwa nguvu, akamwachia. Mama Kidoti akaondoka kwenda kufungua duka.

Nilisogea. Sikuweza kujizuia.

"Shangazi, amesema nini? Kidoti amejibu nini?"

Shangazi aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Halafu akashusha macho kwenye mfuko wa sketi yangu, pale ambapo simu inatengeneza umbo.

"Beba mashuka," akasema.